Mkono Ulioshika Bomba

Somo: Mathayo 13:24–30

Wapendwa, katika mfano wa magugu watumishi hawakukosea kuona. Magugu yalikuwepo kweli, adui aliyapanda kweli, na bwana wao hakuwaambia kwamba wameota ndoto. Hatari ilikuwa mikononi mwao. Walitaka kwenda kung'oa siku ile ile, na mwenye shamba akawazuia kwa sababu moja tu, nayo ni ngano. Hakuyaonea huruma magugu. Aliionea huruma ngano, ambayo mizizi yake ilikuwa imekwisha kushikana na mizizi ya adui. Wanaoijua mimea ya nchi zile wanasema gugu lile ni aina ya nyasi inayofanana sana na ngano mpaka masuke yatokeze, kwa hiyo mtu mwenye haraka angeng'oa chakula chake mwenyewe akidhani anasafisha shamba.

Jibu la mwenye shamba limekaa nami tangu msimu huu wa mboga uanze, kwa sababu karibu kila nyumba ninayoitembelea naulizwa habari za vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Sukuma wiki imejikunja, chainizi imedumaa, maua ya kunde yanapukutika. Mama mmoja aliniuliza akiwa amekwisha kulijaza bomba: "Baba Mchungaji, nipulize leo au ningoje?" Nililichukua swali lake kwa uzito wote, maana ndilo swali la watumishi wa Mathayo 13, na nataka kulijibu kwanza kwa habari za shambani.

Kidukari ni mdudu laini, mwenye urefu wa milimita 2 au 3 hivi, anayekaa kwa makundi chini ya jani na kwenye ncha changa za mmea, akifyonza utomvu. Katika nchi zetu zenye joto jike hahitaji dume. Huzaa watoto walio hai, wote majike, na mtoto anapotoka tumboni tayari ndani yake vizazi vinavyofuata vimekwisha kuanza kuumbika. Baada ya wiki moja hivi naye anazaa. Ndiyo maana mkulima anayeona wachache Jumatatu, asipokagua, Jumatatu ya pili hukuta shina zima limefunikwa. Utamu wa utomvu unaowazidi huutoa na kuudondosha juu ya majani, pakaota ukungu mweusi unaolinyima jani mwanga. Harufu ya utamu huo huwaita sisimizi, nao hugeuka walinzi wa vidukari na kuwafukuza wote wanaotaka kuwala. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze bidii, na ni haki kumtuma. Lakini mkulima akimwona chungu anapanda na kushuka kwenye shina la kunde, ajue bidii ile iko upande wa adui yake.

Sasa geuza jani uangalie kwa utulivu. Yuko mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa meusi, ambaye watoto humtembeza viganjani. Mmoja aliyekomaa anaweza kula makumi ya vidukari kwa siku, na buu lake hula mamia kabla halijakomaa. Tatizo ni hilo buu. Halifanani na mama yake hata kidogo. Ni refu, jeusi, lina vinundu na mabaka ya chungwa mgongoni, linatambaa kama mamba mdogo. Wakulima wengi wakiliona hulisaga kwa kidole wakidhani wamemkamata mharibifu. Mzazi wanamsifu na mtoto wanamuua, na kazi kubwa ilikuwa ya mtoto.

Yuko pia nzi mwenye mistari ya manjano na myeusi, anayefanana na nyigu lakini hana mwiba, mwenye uwezo wa kusimama hewani juu ya ua pasipo kusogea. Yeye mwenyewe chakula chake ni nekta na chavua. Mayai huyataga katikati ya vidukari, na buu lake, lisilo na miguu wala macho, hupapasa huku na huku mpaka limguse kidukari mmoja, likamnyanyua na kumfyonza hadi ibaki ngozi. Na yuko nyigu mdogo kiasi kwamba wengi wetu tutaondoka duniani bila kumtambua. Huyu hutoboa mwili wa kidukari na kuweka yai ndani. Kidukari anaendelea na maisha kwa siku chache, kisha anavimba, anakauka, anakuwa wa rangi ya kahawia au dhahabu, na baadaye mgongoni mwake panaonekana tundu la duara alipotokea nyigu mpya. Ukiwakuta vidukari wa namna hiyo, wamegandia kwenye jani bila uhai, ujue msaada umekwisha kufika shambani mwako.

Hapa ndipo penye neno langu la wiki hii. Hawa wasaidizi huchelewa, na kuchelewa kwao kuna sababu. Mdudu kibibi hatagi mayai yake penye jani safi, maana watoto wake wangekufa njaa. Hutaga pale ambapo vidukari wamekwisha kuingia na kuongezeka. Tena yai lake huchukua wiki tatu au nne hadi kuwa mdudu kamili, wakati kidukari anahitaji wiki moja tu kuwa mama. Kwa hiyo katika kila shamba huwa kuna siku ambazo adui amejaa na msaada bado ni mayai: vijiyai vya manjano vilivyosimama pamoja upande wa chini wa jani, ambao hakuna anayeutazama. Kwa macho ya kawaida shamba limekwisha. Ni katika siku hizo hizo mtu anakwenda duka la pembejeo.

Dawa nyingi za bei nafuu zinazouzwa huko huua kila mdudu zinayemgusa. Mkulima anapuliza, kesho yake vidukari wamelala chini, moyo unatulia. Lakini waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja wamepona, na wao wataanza kuzaa wiki hiyo hiyo. Wasaidizi wachache wanaosalia watahitaji mwezi mzima kurudi. Shamba linajaa upya, mara nyingine kuliko mwanzo, na safari hii halina wa kulitetea. Mkulima anapuliza tena, anaongeza kipimo, anafupisha siku kati ya mpulizo na mpulizo, na wanaobaki kila mara ni wale ambao dawa haiwawezi, nao ndio wanaozaa. Kuna wakulima wa mboga ambao wamezoea kupuliza kila wiki na bado wanalalamika kwamba wadudu wa siku hizi ni sugu. Wadudu ni sugu kweli. Usugu huo ulitengenezwa na bomba.

Mtumishi wa Elisha, katika 2 Wafalme 6, aliamka asubuhi akaliona jeshi la Waaramu limeuzunguka mji. Hakudanganywa na macho yake. Aliona yaliyokuwepo, ila hakuona yote yaliyokuwepo. Ombi la nabii kwa ajili yake lilikuwa fupi, kwamba Bwana amfumbue macho. Elisha hakuomba moto ushuke juu ya Waaramu siku ile, na mwisho wa habari wale askari walilishwa chakula na kurudishwa kwao. Naomba tusome sura ile yote nyumbani, kwa maana huwa tunaishia kwenye magari ya moto na kuacha karamu.

Katika kanisa pia tunalo bomba. Niliwahi kuona kwaya ya vijana ikivunjwa yote kwa sababu ya wawili waliokosa. Kosa lilikuwa la kweli, wala sitalipunguza. Lakini miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo binti aliyekuwa akiwafuata wale wawili jioni baada ya jioni, akiwarudi kwa upole, na alikuwa amekaribia kuwapata. Wazee hawakujua habari zake kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wale wawili leo hawaji ibadani, na yule binti naye haji. Kikao kilitumia saa chache kumaliza kazi, na matunda ya saa hizo bado tunayavuna. Kila baraza la kanisa, kila mkuu wa shule, kila mzazi aliyeshika adhabu mkononi, kabla ya kuishusha angeuliza kwanza: ni nani aliyekwisha kuanza kulishughulikia jambo hili kimyakimya, na hukumu yangu itamfanya nini?

Kuna habari moja ya bara letu ambayo ingefaa kusimuliwa katika kila kanisa la vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo, wadudu weupe wenye unga mwilini, ndugu wa karibu wa vidukari, waliingia Congo, wakati huo ikiitwa Zaire. Kwao ni Amerika Kusini, na wale wanaowala walibaki kule. Hapa walikuta muhogo tele na hakuna wa kuwazuia. Ncha za mihogo zikajikunja na kukauka, kisamvu ambacho ndugu zetu wa Congo hukiita sombe kikakosekana, mizizi ikabaki vijiti. Ndani ya miaka michache walikuwa wameenea nchi baada ya nchi katika ukanda wa muhogo, chakula cha mamilioni ya watu ambao hawakuwa na fedha ya dawa hata kama dawa ingefaa.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Hans Rudolf Herren, alijiunga mwaka 1979 na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki huko Ibadan, Nigeria. Yeye na wenzake walichagua kwenda kutafuta kule mdudu alikotoka. Utafutaji haukuwa mwepesi. Kaskazini mwa Amerika Kusini walipatikana vidung'ata waliofanana sana na hawa wetu, kumbe ni jamii nyingine, na maadui zao hawakuwagusa wa kwetu. Mwaka 1981 vidung'ata wenyewe walipatikana Paraguay, na pamoja nao nyigu mdogo asiyefikia milimita 2, ambaye jina lake la kitaalamu ni Anagyrus lopezi. Hakuletwa moja kwa moja. Alipelekwa kwanza Uingereza akachunguzwa akiwa amefungiwa, wapate hakika kwamba hatageuka balaa jipya, ndipo akapelekwa Ibadan. Mwaka huo huo wa 1981 akaachiliwa katika mashamba ya Nigeria, na katika miaka iliyofuata akaachiliwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika, hata kwa ndege.

Vidung'ata walipungua karibu kila alikofika. Hawakwisha. Mpaka leo wapo, na nyigu wapo, wote kwa uchache, na muhogo unakua katikati yao. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, ambacho Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alikianzisha mwaka 1970. Lakini kinachonigusa zaidi ni mama wa Kigoma, wa Kisangani au wa kando ya Ziwa Mweru aliyechimba tena muhogo wake bila kuambiwa kilichotokea. Hakununua kitu, hakujaza fomu. Nyigu alikuja kwa mabawa yake mwenyewe. Tunapohubiri neema inayotutangulia, tuwe na mifano kama hii mdomoni, kwa sababu waumini wetu wanaijua mihogo kuliko wanavyoyajua maneno yetu ya chuoni.

Wenzetu wa nyanda za juu wanakumbuka pia misaipresi. Mwaka 1986 kidukari wa miti hiyo alionekana Malawi, na kufikia 1990 alikuwa amefika Kenya. Uzio wa misaipresi unaozunguka makanisa na shule zetu nyingi uligeuka kahawia na kufa upande mmoja baada ya mwingine, na mashamba ya miti ya mbao yakaumia vibaya. Huko nako nyigu alitafutwa Ulaya, akachunguzwa, akaachiliwa katika miaka ya 1990. Uzio uliobaki mnauona wenyewe.

Hata hivyo naogopa mtu asilichukue neno hili la kungoja akalipeleka mahali pasipo pake. Uko ugonjwa wa migomba unaoletwa na kirusi, ambao hufanya majani ya juu yawe mafupi, membamba, yaliyosongamana wima, na mgomba usizae tena. Umewatesa sana ndugu zetu wa bonde la Rusizi, huko Burundi, Rwanda na mashariki mwa Congo. Anayeueneza ni kidukari wa migomba, pamoja na wakulima wanaogawiana machipukizi yenye ugonjwa. Ugonjwa huu hauna tiba. Hapo hangoji mtu. Shina lote hung'olewa pamoja na machipukizi na mizizi yake, likaharibiwa, na mkulima anatafuta mbegu safi. Vivyo hivyo mtoto anayepigwa mpaka kuumizwa, binti anayesumbuliwa na mtu mzima, mke anayelala nje kwa hofu, hao hatuwaambii wangoje mavuno. Yesu yule yule aliyesema mfano wa magugu alisema pia, katika Mathayo 18, juu ya jiwe la kusagia na shingo ya anayewakosesha wadogo. Anayetumia mfano wa magugu kumfichia mkosaji wa namna hiyo ameusoma vibaya, kwa sababu mwenye shamba alingoja kwa ajili ya ngano, na hapa ngano ndiyo inayoliwa.

Na wasaidizi nao wanahitaji pa kukaa. Huko Marekani watu hununua wadudu kibibi kwa maelfu, waliokusanywa milimani California, wakawaachilia bustanini, na wengi wao huruka na kuondoka ndani ya siku chache. Mdudu kibibi wa Asia, aliyepelekwa Marekani na Ulaya kwa nia njema dhidi ya vidukari, aliongezeka mno hata akaanza kuwala na kuwasukuma nje wadudu kibibi wa huko. Sisi hatuna haja ya kuagiza mtu. Wasaidizi wetu wako vichakani, kandokando ya shamba, na wanachoomba ni maua. Giligilani ikiachwa ichanue, bizari ikiachwa ichanue, ukingo wenye magugu yatoayo maua usipofyekwa wote kwa siku moja, wale nzi wa mistari na nyigu wadogo watapata nekta na kubaki. Katika Walawi 19 Mungu aliwakataza Waisraeli kuvuna pembe za mashamba yao, ili maskini na mgeni wapate kula. Agizo lile linawahusu watu, na nisingependa lipunguzwe. Lakini mkulima anayelitii, anayeweza kuacha pembe moja bila kuitolea hesabu ya faida, amekwisha kujifunza namna ya kuishi na viumbe wengine wote wa shamba lake.

Basi wiki hii, wapendwa, kabla ya kulijaza bomba, ingia shambani asubuhi na ugeuze majani ya mashina kadhaa, si ya shina moja la kando ya njia. Tafuta mayai ya manjano, tafuta buu jeusi lenye mabaka, tafuta vidukari waliokauka rangi ya kahawia. Ukiwaona, wape muda, huku ukiendelea kukagua kila baada ya siku chache. Kwenye mashina machache yaliyozidiwa, kata jani lililojaa, wapukuse vidukari kwa maji, au wanyunyizie maji yenye sabuni kidogo pale walipo tu. Punguza urea, maana majani mororo yaliyonenepeshwa ndiyo vidukari wanayapenda. Usipowaona wasaidizi na hali inazidi, mwite bwana shamba au bibi shamba aje aone, umwulize ni dawa gani itawaacha hai wasaidizi. Akina mama wa kikundi cha bustani, naomba mwafundishe watoto kulitambua buu la mdudu kibibi. Vijana mnaopuliza kwa kibarua, vaeni glavu, funikeni pua na mdomo, pulizeni jioni nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mizingani. Na mwenye shamba, kama umepuliza, usiivune mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie, hata mnunuzi akisimama na fedha mkononi.